Mwanangu hasikilizi hadithi, anafunua kurasa tu: nimnunulie vitabu gani?

Barua

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kike, ana miaka miwili na nusu. Mdogo ni wa kiume, ana miezi mitano. Tangu nilipompata huyu wa kwanza nilijiapiza kwamba wanangu watakua na vitabu mkononi, maana mimi kitabu changu cha kwanza nilikishika darasani. Basi nikawa nanunua: vya herufi, vya tarakimu, vya wanyama, na vile vikubwa vya hadithi vyenye jalada gumu na maneno tele. Sasa rafu imejaa, lakini kusoma hakuna.

Nikimpakata na kuanza kumsomea, sijamaliza hata sentensi ya kwanza ameshafunua ukurasa. Nikimshika mkono, analia. Nikimwachia mwenyewe, anaanzia mwisho, anarudi katikati, kisha anaganda kwenye picha moja akinionyesha kitu kidogo pembeni, mara mdudu, mara kiatu. Hadithi yenyewe haijui. Katika rafu nzima kuna kitabu kimoja tu anachokitaka, na hicho anakitaka kila usiku, tena na tena, hadi baba yake amekipandisha juu ya kabati tupate kupumua.

Jingine ni lugha. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, ila vitabu vingi nilivyopata ni vya Kiingereza. Mume wangu anasema tumsomee hivyohivyo, azoee. Mimi nikisoma naona mtoto hayupo nami kabisa. Na rafiki yangu ananishauri niachane na mambo ya karatasi, niweke programu kwenye simu: hadithi inajisoma yenyewe na picha zinacheza.

Naomba unitajie vitabu vya picha vinavyofaa umri huu. Na huyu mdogo, nimwanzishie lini?

Mama wa wawili

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na binti yako, kwa sababu kutokana na hayo uliyoyaeleza, mtoto huyo anasoma vizuri sana. Mwaka 2005 watafiti Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya watoto wa miaka minne na mitano wakati wanasomewa vitabu. Karibu muda wote watoto walikuwa wakitazama picha. Maandishi waliyagusa kwa nadra mno. Kama hao wakubwa wanafanya hivyo, huyo wa miaka miwili na nusu ungemtarajia afanye nini? Wewe uko kwenye mistari, yeye yuko kwenye picha. Akikuonyesha mdudu pembeni, amekiona kitu kilichokupita.

Kwa hiyo swali la kitabu gani kinafaa linaanzia hapo. Chukua kitabu, funika maneno kwa kiganja, tazama picha. Je, kuna jambo linaendelea? Kuna kitu cha kutafuta, cha kuogopea, cha kuchekea, ambacho maneno hayakukitaja? Kama picha inarudia tu neno lililo chini yake, neno mpira na mpira umechorwa, kitabu hicho kimekwisha mara ya kwanza mlipokitazama. Nashuku rafu yako imejaa vitabu vya namna hiyo, na ndiyo maana mtoto anavipita haraka. Sikulaumu, madukani ndivyo vinavyowekwa mbele, kwa sababu vinaonekana vina elimu.

Sasa nikupe mfano wa kitabu ambacho picha zake zinafanya kazi. *Rosie's Walk* cha Pat Hutchins kilitoka mwaka 1968. Maneno yote ya hadithi ni 32, na yote ni sentensi moja: kuku anatoka matembezini, anapita uani, anazunguka bwawa, anavuka lundo la nyasi kavu, anapita chini ya mizinga ya nyuki, anarudi nyumbani. Ukisoma maneno peke yake utauliza, hadithi iko wapi? Iko kwenye picha. Nyuma ya kuku yuko mbweha, amenyatia kutoka ukurasa wa mwanzo, na hakuna hata neno moja linalomtaja. Anaruka kumkamata kuku, anakanyaga reki, mpini unampiga puani. Anaruka tena, anatumbukia bwawani. Baadaye unga unamporomokea kichwani. Kuku anatembea tu, shingo juu, hana habari.

Tazama jinsi kilivyopangwa. Mbweha anaruka kwenye ukurasa mmoja, na balaa linampata kwenye unaofuata. Katikati ya hayo mawili kuna mkono wa mtoto unaofunua. Mchoraji amemwachia mtoto ndiye afanye jambo litokee. Binti yako mwenye haraka ya kufunua atakipenda kitabu hiki kwa sababu haraka yake ndiyo inayotakiwa. Na kwa kuwa msomaji wa maneno anajifanya hamwoni mbweha, mtoto ndiye anayejua siri. Atakupigia kelele: nyuma, nyuma! Mwache akuambie.

Wa namna hiyohiyo ni *Handa's Surprise* cha Eileen Browne, cha mwaka 1994. Kinamhusu msichana wa Kenya anayempelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kwenye kikapu alichojitwika kichwani. Njiani anawaza rafiki yake atapenda lipi. Maneno yanaeleza mawazo yake. Picha zinaonyesha tumbili, mbuni, pundamilia na wenzao wakichukua tunda mojamoja nyuma ya kisogo chake. Mtoto wa miaka miwili na nusu atataja wanyama na matunda. Mwaka ujao atahesabu yaliyobaki. Mwaka unaofuata atakueleza kwa nini Handa ameshangaa mwishoni. Kitabu kizuri cha picha hakipitwi na umri upesi, na hii ni sababu ya kununua vichache.

Cha usiku je? Hapo siwezi kupita bila kutaja *Goodnight Moon*, kilichoandikwa na Margaret Wise Brown na kuchorwa na Clement Hurd mwaka 1947. Ni chumba kimoja, sungura mdogo kitandani, na kuviaga vitu vya chumbani kimoja baada ya kingine. Watu wazima wengi hukiona kimepooza. Lakini fuatilia picha za rangi: kuna panya mdogo anayehamahama chumbani, na mtoto atamtafuta kila mnapofunua. Mwezi unapanda dirishani. Mwanga wa chumba unapungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Hata saa inatembea: inaanza saa moja jioni, mpaka mwisho imefika saa mbili na dakika kumi. Huo ndio muda halisi wa mtoto anayekataa kulala, na mchoraji aliuweka bila kuusema.

*The Very Hungry Caterpillar* cha Eric Carle, cha mwaka 1969, huenda unacho tayari, maana kimeenea dunia nzima. Kama unacho, kitoe mbele. Kiwavi anakula kutoka siku hadi siku, na kurasa zimetobolewa matundu halisi alimopita. Za mwanzo zimekatwa kwa upana tofauti, zinazidi kupanuka kadiri matunda yanavyoongezeka. Kidole cha mtoto kinaingia kwenye tundu. Siku za juma, hesabu na mabadiliko ya kiwavi kuwa kipepeo vinaingia humohumo bila somo.

Nasema hivyo kuhusu tundu kwa sababu si kila kitu cha kuchezea ndani ya kitabu kina faida. Vipo vitabu vya vifuniko vya kufunua, vya kuvuta, vya manyoya ya kugusa. Cynthia Chiong na Judy DeLoache walijaribu vitabu vya herufi kwa watoto wadogo, wakachapisha mwaka 2012: watoto walijifunza herufi vizuri zaidi kwenye kitabu cha kawaida kuliko kwenye kile cha kuvutavuta. Kuvuta kuliwachukua akili. Tundu la Carle ni hadithi yenyewe, kiwavi amepita hapo. Kifuniko kilichowekwa ili mkono upate kazi tu, hicho kiache dukani.

Sasa lugha. Hapa nitampinga mume wako kwa heshima zote. Mtoto wa umri huu anahitaji kitabu katika lugha anayobembelezewa na kukemewa nayo. Kitabu cha Kiingereza si lazima kisomwe Kiingereza. Tazama picha, msimulie kwa Kiswahili chako, na chombeza sauti: kuku aringe, mbweha anyate, nyuki wavume. Nawe una utajiri wa tanakali za sauti ambao vitabu vingi havina. Mbweha akianguka bwawani, chubwi! Unga ukimwagika, pu! Reki ikimpata, paa! Mtoto atazirudia hizo kabla hajarudia sentensi yoyote. Kiingereza atakikuta, tena atakikuta akiwa tayari anajua hadithi ni nini na kitabu kinafunuliwaje. Baba akitaka kumsomea Kiingereza usiku mmoja mmoja, asome kile ambacho mtoto ameshakijua kwa Kiswahili. Hapo atamfuata.

Au mpate visivyo na maneno kabisa. Wazazi wengi huviogopa hivi, wanaona wameuziwa kitabu nusu. Mimi naviona ni bora kuliko vyote kwa nyumba kama yako. *The Lion & the Mouse* cha Jerry Pinkney, cha mwaka 2009, ni ile hekaya ya zamani ya simba na panya, imewekwa kwenye mbuga za Serengeti, na ndani yake hamna ila milio ya wanyama. Hata jalada la mbele halina jina, ni uso wa simba umejaa ukurasa mzima. Kilipata Medali ya Caldecott mwaka 2010, tuzo ya Marekani ya mchoraji bora wa kitabu cha watoto. Kitabu hicho kinasomeka Kiswahili na Kiingereza sawasawa, na hata bibi asiyejua kusoma anaweza kumsimulia mjukuu bila kukosea.

Vya Kiswahili vipo pia, vingi kuliko unavyodhani. African Storybook, mradi unaoendeshwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ni bure. StoryWeaver ya Pratham Books, ya India, ilianza mwaka 2015 na nayo inatoa bure. Ubora haulingani, kuna michoro ya kupendeza na kuna ya haraka haraka, kwa hiyo tumia kile kipimo cha kiganja. Ukipenda moja, ichapishe kwenye karatasi, uifunge kwa uzi. Kama kuna maktaba ya kufikika, nenda naye, azime, vijaribuni kabla ya kununua.

Nakuja kwenye kitabu kilichopandishwa kabatini. Mwambie baba akishushe leo. Najua kuchosha kwake, kusoma maneno yaleyale usiku wa kumi na wa ishirini si kazi ndogo baada ya kutwa ya shughuli. Lakini mtoto yuko kazini. Jessica Horst na wenzake walichapisha mwaka 2011 jaribio la watoto wa miaka mitatu: waliorudiwa hadithi zilezile walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti, ingawa maneno hayo mapya waliyasikia mara sawa. Mara ya kwanza mtoto anatafuta nini kinatokea. Baadaye, akishajua kinachokuja, akili inapata nafasi ya kuyashika maneno. Wewe ukichoka, acha kusoma, mwambie yeye akusimulie. Utasikia ameshika mengi kuliko ulivyodhani.

Na namna ya kusoma ina uzito sawa na kitabu chenyewe. Grover Whitehurst na wenzake, mwaka 1988, waliwafundisha wazazi wa watoto wa umri wa binti yako kubadilisha usomaji kwa mwezi mmoja tu: wapunguze kusoma moja kwa moja, waulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, warefushe anachosema mtoto. Wazazi wengine waliendelea kusoma kama kawaida. Watoto wa kundi la kwanza waliwapita wenzao katika kuzungumza.

Kwa vitendo ni hivi. Fungua ukurasa, nyamaza kwanza. Hapo ndipo wengi tunashindwa, tunakimbilia maneno. Mpe nafasi. Akisema "ndege", usimsahihishe wala usimpe mtihani wa rangi. Mwambie, "Enhe, ndege. Ametua juu ya tawi. Sijui anamtazama nani?" Kisha nyamaza tena. Akinyoosha kidole kwenye kiatu, zungumzeni kiatu. Mkiishia ukurasa wa tatu, mmesoma. Akianzia mwisho, mwachie. Kwa kitabu ambacho hamjakijua hadithi, mwisho ni ukurasa kama mwingine.

Kuhusu simu, rafiki yako ana nia njema, ila simkubalii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne linataka isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri. Mwongozo huohuo unasema muda wa kukaa utumike kusoma na kusimulia hadithi pamoja na mlezi. Hadithi inayojisoma yenyewe haikusubiri unyamaze, haimwoni mtoto aliyenyoosha kidole. Zile hadithi za bure nilizozitaja zikikulazimu kuzitazama kwenye simu, ishike wewe, zima sauti, simulia wewe.

Jambo moja hukuliuliza, ila nataka ulifikirie unapochagua. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, profesa wa fasihi ya watoto, aliandika kwamba vitabu ni vioo na madirisha: mtoto ajione, na awaone wengine. Pitia rafu yako uhesabu ni vingapi vina mtoto anayefanana na wako. Kikikosekana hata kimoja, kitafute. *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1962, ni kioo na dirisha kwa pamoja. Mtoto mweusi, Peter, anaamka akute theluji imefunika kila kitu, anatoka kucheza, basi. Hakuna anayemhurumia, hakuna anayemfundisha kitu. Ni mtoto na furaha yake. Hata ambaye hajawahi kuona theluji atazifuata alama za miguu yake kwa kidole.

*Where the Wild Things Are* cha Maurice Sendak, cha mwaka 1963, kiwekee akiba mpaka atimize mitatu na nusu au minne, na utazame asiogope yale madude. Ni kitabu cha mtoto aliyekasirika. Picha zinaanza ndogo katikati ya karatasi, zinakua kadiri hasira na ndoto zinavyokua, mpaka zinameza kurasa zote mbili na maneno yanatoweka, akitulia, zinarudi. Nakiheshimu kuliko karibu vyote nilivyotaja, ila kina wakati wake.

Na huyu mdogo: mwanzishie leo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, tangu mwaka 2014, kinawashauri wazazi wasome kwa sauti na watoto tangu wakiwa wachanga. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho karibu, sentimita 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wako ukimpakata, na huvutwa na nyeusi juu ya nyeupe. Tana Hoban alitengeneza viwili vya namna hiyo mwaka 1993, *Black on White* na *White on Black*, vivuli vya vitu vya kawaida tu. Wa miezi mitano tayari anaona mbali na rangi zaidi ya hapo, lakini bado atavifurahia, na picha za nyuso za watoto wenzake atazipenda zaidi. Chagua vya kurasa nene zenye pembe za mviringo, vya kufutika, kwa sababu atavitafuna kabla ya kuvitazama. Dakika mbili zinamtosha. Akigeuza uso, amechoka; funga.

Ukiwa na uwezo wa kitabu kimoja tu mwezi huu, kiwe *Rosie's Walk*. Cha pili kiwe kisicho na maneno. Vile vya herufi vifungie mahali mpaka binti aanze mwenyewe kuuliza hiki kimeandikwa nini, kisha vitoe kimoja kimoja.

Shangazi